Bei ya Dhahabu Ilivyofika Segese

Bei ya dhahabu inayouzwa Segese, kata ya Halmashauri ya Msalala wilayani Kahama, haijawahi kupangwa Segese. Tangu 1919 ilipangwa London, na tangu 1968 hutangazwa huko mara mbili kwa siku. Kilichobadilika ni njia ya kuifikisha kwa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ya Tanzania ilinunua dhahabu ya wachimbaji wadogo, lakini madalali hawakuondoka. Dalali mwenye simu ndiye aliyeijua bei ya siku; mchimbaji aliambiwa tu. Simu za mkononi zilipoenea miaka ya 2000, mchimbaji aliweza kumuuliza ndugu yake aliyeko Mwanza. Hata hivyo jibu lilikuja kwa dola na aunsi, ilhali mzani wa kijijini ni wa gramu. Aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1: ikiuzwa dola 3,110, gramu moja ya dhahabu safi ni dola 100, na yenye usafi wa asilimia 85 ni dola 85, kabla ya makato na kugeuzwa shilingi. Asiyeijua hesabu hiyo alipunjwa hata kama bei anayo.

Mwaka 2019 serikali ilianzisha masoko ya madini, la Geita likifunguliwa Machi. Wachimbaji wadogo walikuwa wameondolewa kodi ya ongezeko la thamani. Ukabaki mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Bei elekezi ya Tume ya Madini ikawa kitu cha kusomwa na yeyote.

Kwa wanaoionyesha bei hiyo kwenye tovuti, Februari ya mwaka huohuo toleo la 16.8 la React, maktaba ya msimbo ya kutengenezea kurasa za wavuti, lilileta huki, yaani kipande cha msimbo kinachoweza kutumiwa na sehemu nyingi. Awali, mara nyingi kila sehemu ya tovuti iliyohitaji bei ilirudia msimbo wake wa kuiomba kwenye seva, na kosa likirekebishwa huku lilibaki kule. Huki ya bei huandikwa mara moja, kisha ukurasa wa bei, kikokotoo cha gramu na jedwali la wiki vyote huitumia. Hurudisha mambo matatu: bei yenyewe, taarifa kwamba bado inasubiriwa, na kosa likitokea.

Machimboni, kosa ndilo lenye uzito. Mtandao ukikatika, huki iliyoandikwa vizuri hubakiza bei ya mwisho pamoja na saa yake. Bei isiyo na saa humfanya muuzaji wa jioni adai bei ya asubuhi, au akubali ya chini.