Kasiksi ya Masisi: toka kwenye mgomba mpaka kwenye kikombe

Siku ya soko ikifika katika vijiji vya Masisi, toka Kingi mpaka njia ya Walikale, bidoni za njano zinapangwa mapema kama viazi na maharagi. Ndani yake iko kasiksi, pombe ya ndizi ambayo wakaaji wa Kivu ya Kaskazini na ya Kusini wanaijua toka wakati wa mababu. Kwa mwenye feza kidogo, ndiyo kinywaji cha kukaa na wenzake jioni. Kwa mama anayeiuza, ndiyo feza ya masomo ya watoto. Kwa mlimaji, ndiyo njia ya kupata kitu kwa ndizi ambazo hakuna mtu anaweza kuweka ndani ya chungu.

Maelezo haya yanaonyesha ginsi kasiksi inavyotengenezwa, ginsi ya kuionja vizuri, na kwa nini mgomba wenyewe uko hatarini.

Ndizi ya pombe haiko ndizi ya kupika

Wenye mashamba wanatenga ndizi kwa makundi matatu: za kupika, za kula zikiiva, na za pombe. Ndizi ya pombe ikiwa mbichi iko chungu, inakamata ulimi, sababu iko na tanini mingi. Ikiiva, ule uchungu unapungua na maji yake yanakuwa matamu sana. Moja kati ya aina zinazotumika kwa pombe ni Yangambi Km 5. Jina lake linatoka Yangambi, kituo cha utafiti wa kilimo cha wakati wa Wabelgiji, upande wa Kisangani, kando ya mto Kongo.

Mgomba unapenda joto. Ndiyo maana migomba mingi ya Masisi iko upande wa chini, karibu na ziwa Kivu, kama Bweremana. Juu kwenye milima ya malisho ya ng'ombe, baridi inachelewesha mkungu kukomaa. Kwa hiyo bidoni zinapanda mlima kwa piki-piki, kwa chukudu, na mara mingi kwa mgongo wa mtu.

Kazi ya siku kadhaa

Kwanza mikungu inakatwa na kuivishwa. Wengine wanaianika juu ya moto jikoni, wengine wanachimba shimo. Shimo linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, mikungu inapangwa ndani, kisha inafunikwa majani na udongo. Nyuma ya siku tatu mpaka tano ndizi zimeiva zote pamoja.

Zinamenywa na kuwekwa ndani ya mtumbwi wa mti, ule ambao wasemaji wa Kinyarwanda wanauita umuvure. Zinakandwa pamoja na nyasi kali. Nyasi haziko kwa harufu. Zinasaidia kutenga maji na nyama ya tunda. Bila nyasi unabaki na uji tu. Yale maji ya kwanza ni mutobe, hayana ulevi, na watoto wanaweza kuyanywa.

Ili mutobe igeuke kasiksi, wanaongeza maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa. Chombo kinafunikwa kwa majani na kuwekwa mahali pa joto. Chachu haitoki dukani. Inatoka kwenye mtama, kwenye ngozi ya ndizi, na kwenye mti wa ule mtumbwi ambao umekamua pombe kwa miaka mingi. Chachu inakula sukari na kutoa ulevi na hewa. Ndiyo yale mapovu yanayopanda juu. Siku moja mpaka tatu, kasiksi iko tayari.

Ginsi ya kuionja

Wanaojua kasiksi hawaanzi kwa kumeza. Wanaangalia rangi kwanza: ya kahawia, yenye wingu kidogo, na mapovu madogo ambayo yangali yanapanda. Kisha wananusa. Kasiksi nzuri iko na harufu ya ndizi mbivu na ya mtama wa kukaangwa, karibu na harufu ya mkate. Ikinuka siki au kitambaa kilicholala na maji, ile imepita wakati wake.

Mdomoni, utamu unakuja mbele, uchachu unafuata, na mwishoni ule uchungu mdogo wa tanini unakausha ulimi. Ya siku ya kwanza iko tamu kuliko zote. Ya siku ya tatu ni kali, sababu sukari imegeuka ulevi. Kundi la marafiki linaweza kununua vikombe viwili vya akina mama wawili tofauti na kulinganisha: nani ameongeza maji mingi, nani ameunguza mtama. Hakuna kipimo cha ulevi kwenye bidoni, kwa hiyo kikombe kinachoonekana kama juisi kinaweza kulewesha kuliko chupa.

Chakula kinasaidia. Fromaji ya Masisi, yenye mafuta na chumvi kidogo, inapatana vizuri na ule uchachu. Upande wa ziwa, sambaza za kukaanga zinafanya kazi ile ile. Nyama ya mbuzi ya kuchoma na pilipili inaomba kasiksi changa, ile yenye utamu.

Kuhusu mrija mmoja au kikombe kimoja kinachozunguka: ni heshima ya zamani, lakini mate yanabeba magonjwa, na Mpox inapita pia kwa mate na kwa vyombo vya pamoja. Kila mtu na kikombe chake haivunji urafiki. Tena maji yanayoongezwa yakitoka kwenye mto bila kuchemshwa, kipindupindu kinaweza kuingia kwenye karamu.

Kasiksi isichanganywe na kanyanga au lutuku. Hizo zimepikwa na kukusanywa kwa mvuke. Yule anayezipika akichanga matone ya kwanza na mengine, metanoli inaweza kubaki ndani, na metanoli inaharibu macho na kuua. Kwa macho na kwa pua, mnywaji hawezi kuitambua.

Ndugu wa kasiksi

Katika msitu wa Walikale, mahali mgomba unaacha nafasi kwa mchikichi, watu wanakunywa malafu, ambayo inaanza kuchachuka palepale inapotoka kwenye mti. Rwanda, kasiksi inaitwa urwagwa. Uganda wanaita tonto. Wachaga wa Kilimanjaro, Tanzania, wanapika mbege kwa ndizi na ulezi, na wanaitia uchungu kwa ganda la mti wa msesewe.

Mbali zaidi, Ubelgiji, kuna bia inayoitwa lambic, ya upande wa Brussels, ambayo nayo inaachiwa chachu ya hewani na ya mapipa ya mbao. Kiwanda cha Cantillon kilianzishwa mwaka 1900, na watu wanasafiri toka nchi za mbali kuionja lambic yake. Mwaka 2016 UNESCO iliandika utamaduni wa bia wa Ubelgiji kati ya urithi wa dunia usioshikika. Kiwanda kingine cha kule, Huyghe, kinatengeneza Mongozo, bia yenye ladha ya ndizi. Karibu zaidi, miji mikubwa iko na viwanda vidogo vya mafundi: Kweza huko Kigali, Banange huko Kampala, 254 Brewing Company huko Nairobi. Watu wanaenda na marafiki, wanaletewa glasi ndogo ndogo za aina tofauti, na wanauliza zimepikwa na nini. Mama wa soko anajibu ulizo lile lile kila siku, bila glasi ndogo.

Wakati chupa haipandi

Katika nganda za Goma na Sake, chupa imekuwa alama ya cheo. Bralima ilianza Kinshasa mwaka 1923, wakati ikingali Léopoldville, na Primus ya kwanza ilitoka 1926. Kundi la Heineken la Uholanzi likakuwa mwenye kampuni kisha. Lakini chupa inaomba barabara, mafuta, umeme na amani. Mwezi wa 6 mwaka 2025, Heineken ilitangaza kwamba imeondoa wafanyakazi wake Bukavu, Goma na maeneo ya karibu, sababu haikuwa tena na usimamizi wa majengo yake kule. Kasiksi haihitaji kifuniko wala kiwanda. Inahitaji mgomba tu, na mtu anayeweza kufika shambani mwake bila kukimbia.

Mgomba wenyewe ni mgonjwa

Na hapo ndipo shida iko. Mwaka 2001, mnyauko wa bakteria wa migomba, unaoitwa BXW, ulionekana Masisi. Ndiyo mara ya kwanza ulitambuliwa katika Kongo yote. Mwaka ule ule ulitambuliwa pia Uganda. Wanyarwanda wanauita kirabiranya. Toka hapo umeenea katika Kivu.

Alama zake ni hizi: majani yanageuka njano na kunyauka, ua la dume linakauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukizikata ndani zimeoza rangi ya kahawia. Ukikata shina, maji ya njano yanatoka. Hakuna dawa ya kunyunyizia.

Ugonjwa unapita kwa njia mbili kubwa. Wadudu wanaotembelea ua la dume wanaubeba toka mgomba mpaka mgomba, na panga la mlimaji linaubeba toka shamba mpaka shamba. Wanunuzi wa ndizi za pombe wanaoingia mashamba mengi kwa siku moja na panga moja wanaweza kuusambaza bila kujua.

Wataalamu wa kilimo wanashauri mambo haya:

– Kuvunja ua la dume kwa mti wenye matawi mawili, siyo kwa panga, mara tu kichane cha mwisho kinapotokea.
– Kupitisha panga kwenye moto mpaka lipate joto kali, ao kuliosha kwa Jik, mbele ya kugusa mgomba mwingine.
– Kukata chini kila shina lenye alama, bila kungoja, na kurudi kuangalia shamba kila juma.
– Kutochukua machipukizi ya kupanda katika shamba lenye ugonjwa, hata kama ni la ndugu.
– Kutoingiza mbuzi na ng'ombe katika shamba lenye ugonjwa.

Jambo la tatu ndilo gumu kuliko yote kwa wakimbizi wa ndani. Shamba lililoachwa miezi sita halina mtu wa kukata shina la kwanza, na shina la kwanza linaambukiza majirani zake. Familia inaporudi, mara mingi inakuta nyumba ingali imesimama na migomba imelala. Mgomba mpya unaomba mwaka na zaidi mbele ya kutoa mkungu. Ule mwaka wote, bidoni ya njano inabaki tupu, na feza ya masomo inatafutwa mahali pengine.