Kutoka Maporomokoni hadi Makaburini: Siku Moja Makiso

Msomaji wa pwani akilisikia jina Kisangani kwa mara ya kwanza huenda akadhani mji umeitiwa balaa. Kisanga kwake ni mkasa, jambo la kumtia mtu mashakani. Kwa watu wa Mto Kongo kisanga ni kisiwa, na Kisangani ni kisiwani tu. Wasemao Kilingala husema Singitini kwa maana ile ile, na wenyeji wakiutaja mji wao kwa mahaba huuita Boyoma. Wabelgiji waliuita Stanleyville. Mwaka 1966 jina hilo likafutwa, na lile la Kiswahili, lililokuwa midomoni mwa watu siku zote, likaandikwa kwenye ramani.

Naanza na jina kwa sababu ziara za siku moja katika mji huu hupenda kuanza na Stanley. Mgeni hushukia uwanja wa ndege wa Bangboka, hulala hoteli mojawapo ya Makiso, kitovu cha mji, na asubuhi mwongozaji humpokea kwa tarehe: 1 Desemba 1883, siku Henry Morton Stanley alipofika na kuacha kituo kisiwani chini ya mhandisi Mskoti, Andrew Binnie. Tarehe ni ya kweli. Ila mji huu una jina la Kiswahili, na mmoja wa waliowahi kuutawala aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Inaniuma kuusikia ukisimuliwa kana kwamba ulizaliwa siku Mzungu alipofunga chombo chake. Mwenye siku moja tu ningemshauri asianze na kituo. Aanze na maji.

Alfajiri, basi, aende kwa Wagenia, wavuvi wa maporomokoni. Ni safari fupi kutoka Makiso kuelekea juu ya mto, kwa pikipiki au kwa toleka, ile baiskeli ya abiria ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyoubeba mji huu. Hapo lipo poromoko la mwisho kati ya saba yanayofuatana kwa karibu kilomita 100 kutoka Ubundu. Juu yake hakuna meli inayoweza kupita. Chini yake mto uko wazi mpaka Kinshasa, safari ya karibu kilomita 1,700. Hiyo ndiyo sababu ya mji kuwa hapa na si kwingine: anayepanda mto lazima ashuke hapa, na anayeshuka kutoka mashariki lazima atafute chombo hapa. Reli ya kilomita 125 iliyofika Ubundu mwaka 1906 ilijengwa ili kuyazunguka maporomoko haya, ikianzia ng'ambo ya pili, upande wa Lubunga.

Wavuvi wa Kigenia husimika miti mikubwa katika matundu ya mwamba, katikati ya maji yanayonguruma, wakaifunga kwa kamba za msituni hata ikawa kama mifupa ya nyumba isiyo na paa. Kwenye miti hiyo hutundika vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, midomo yake ikielekea juu ya mto. Mkondo humsukuma samaki ndani na haumruhusu kutoka. Asubuhi na jioni wanaume hupanda ile miti, au hujitosa majini, kwenda kutazama kilichoingia. Mgeni asitoe kamera kabla ya kumsalimu chifu na kutoa kinachotolewa. Akishafanya hivyo, atasikia "karibu, papa", na kijana atamwonyesha pa kukanyaga.

Kwangu mimi hiyo miti ndiyo mnara wa kale kuliko yote mjini, ingawa huenda hakuna mti mmoja hapo wenye umri mkubwa. Mto ukifurika huing'oa, inayobaki huoza, wana huijenga upya kama baba zao walivyoijenga. Januari 1877 Stanley alipoyapita maporomoko haya kwa mara ya kwanza, akipigana karibu kila hatua, watu aliowafyatulia risasi walikuwa wakilinda maji yao na mitego yao. Mwongozaji anayekuambia kwamba Stanley "aliyagundua" maporomoko akiwa amesimama kando ya mvuvi wa Kigenia, mwombe kwa upole aanze upya.

Baada ya Stanley, au tuseme pamoja naye, walikuja watu wa kwetu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, mwana wa Zanzibar, alikuwa ameshajenga himaya ya pembe na watumwa kuanzia Tabora mpaka Kasongo, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 watu wake walikuwa wamefika maporomokoni. Ndio waliokileta Kiswahili huku, kile kilichoitwa baadaye Kingwana. Walileta mpunga na misikiti, na watoto wa watoto wao bado wanaishi katika mji huu. Walileta pia minyororo. Nimeona maandishi ya kwetu yanayomsifu Tippu Tip kama msafiri na mfanyabiashara hodari, yakaupita utumwa kwa sentensi moja. Mwandishi wa Kiswahili hana ruhusa hiyo. Lugha ninayoiandika hapa ilifika Maporomokoni kwa misafara ile ile.

Vita vya kwanza vya mji huu, Agosti 1886, kwa simulizi inayojulikana zaidi, vilianzia kwa mwanamke. Alikuwa mtumwa wa mmoja wa mabwana wa Kiarabu. Alipigwa, akatoroka, akakimbilia kituo cha Dola Huru ya Kongo. Mkuu wa kituo, Mwingereza Walter Deane, alitakiwa amrudishe, akakataa. Mapigano yalidumu siku kadhaa, risasi zikaisha, kituo kikateketezwa, na Deane akakimbilia msituni. Vitabu vinalo jina la Deane, vinalo la Dubois, msaidizi wake aliyekufa maji wakati wa kukimbia. Jina la mwanamke hamna. Hakuna sanamu yake mjini, wala kibao. Ukiwa ukingoni, mahali ambapo visiwa vinaonekana, mwombe mwongozaji asimame kidogo umfikirie.

Kilichofuata ni moja ya mapatano ya ajabu katika historia ya Afrika. Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley akiwa njiani kwenda kumtafuta gavana Emin Pasha alitiliana sahihi na Tippu Tip: mfanyabiashara wa watumwa awe wali wa Maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Bendera ya bluu yenye nyota ikapandishwa na watu wale wale waliokuwa wameishambulia mwaka uliotangulia. Tippu Tip aliondoka kurudi pwani miaka mitatu baadaye, na hakurudi tena. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru na Waswahili na Waarabu wa Kongo vilimuua mwanawe Sefu, vikamfukuza mpwa wake Rashid hapa Maporomokoni mwaka 1893, na vikamwacha mfalme wa Ubelgiji peke yake. Mzee mwenyewe, akiwa Zanzibar, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya kufariki mwaka 1905. Kitabu hicho kinapatikana. Mwandishi Joseph Conrad, aliyefika hapa Septemba 1890 kwa meli ndogo na kukaa siku chache tu, anajulikana na wageni wengi zaidi kuliko mtu aliyetawala hapa miaka mitatu na kuandika kwa mkono wake. Atakayejenga duka la vitabu Makiso aviweke vitabu vya wote wawili kwenye rafu moja.

Saa nne hivi jua linakuwa kali. Ndipo pa kurudi katikati ya Makiso. Kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari liko karibu na ukingo wa mto. Wamisionari wa Moyo Mtakatifu walifika mwaka 1897 wakiongozwa na Padri Gabriel Grison, baadaye askofu, na misheni yao ya kwanza, Saint-Gabriel, bado inaitwa kwa jina lake la ubatizo. Kutoka kanisani unaingia barabara zilizonyooka za mji wa Wabelgiji. Humu Makiso ndimo Wazungu walimoishi. Waafrika walipangiwa mitaa yao mbali kidogo, iliyoitwa "belge", ambayo leo ni komini za Tshopo na Mangobo, na usiku Mwafrika hakutembea huku bila ruhusa. Majumba ya miaka ya 1950, yenye vibaraza virefu na kuta zilizotobolewa ili upepo upite, yalikuwa ya kisasa sana kwa wakati wake. Mwaka 1951 John Huston alikuja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn kupiga filamu kwenye mto mmoja wa jirani. Mwaka 1958 akaja Audrey Hepburn kwa filamu nyingine. Waongozaji hupenda kuyataja hayo, na sioni ubaya.

Ila mwenye saa moja tu aitumie kwenye uwanja wa Posta. Mwaka 1944 alifika mji huu kijana wa Kitetela kutoka Sankuru, Patrice Lumumba, akapata kazi ya ukarani katika posta. Hapa ndipo alipojisomea, alipoandika makala magazetini, alipoongoza vyama vya wafanyakazi na vya waliosoma, na hapa ndipo alipofungwa mara ya kwanza, mwaka 1956, kwa fedha za posta. Alipotoka akaenda Léopoldville, Kinshasa ya leo, lakini alirudi Oktoba 1959 na chama chake cha MNC. Mkutano ukaishia kwa ghasia. Watu wengi wakauawa na Lumumba akatiwa tena ndani. Uchaguzi wa Desemba ulimkuta gerezani, na chama chake kikaushinda mji huu kwa wingi mkubwa.

Kinachofuata huwa najitahidi kukisimulia polepole. Novemba 1960, baada ya kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru na kuondolewa madarakani, akiwa amezuiliwa nyumbani kwake Léopoldville, alitoroka usiku. Alikuwa anakuja huku, kwa watu wake, ambako naibu wake, Antoine Gizenga, alikuwa akikusanya serikali. Watu walimsimamisha njiani ahutubie, naye akasimama. Askari wakamkamata kwenye Mto Sankuru. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga, na mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali. Alifika Kisangani Juni 2022: jino moja, lililokuwa limewekwa na polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuuharibu mwili, likiwa ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Safari iliyokatizwa mtoni ilichukua zaidi ya miaka sitini na moja.

Mwaka 1964 waliojiita warithi wake waliingia mji huu. Walijiita Simba, kwa Kiswahili, na mwanzoni mwa Agosti waliuteka karibu bila kupigana. Septemba kiongozi wao, Christophe Gbenye, akatangaza Jamhuri ya Watu. Mbele ya mnara wa Lumumba, wapiganaji wale wakawaua Wakongomani waliohesabiwa kuwa wasomi, makarani, watumishi wa serikali. Novemba walikuwa wamewashikilia mamia ya wageni, wengi wao katika jengo la Victoria. Alfajiri ya tarehe 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji walirushwa kutoka ndege za Marekani. Mateka wakatolewa mpaka barabara ya Sajenti Ketele, wakaketishwa chini, wakafyatuliwa risasi. Katika waliokufa alikuwamo daktari mmisionari wa Marekani, Paul Carlson, na sura yake ilijaa magazeti ya dunia. Siku zilizofuata, jeshi la serikali na mamluki walipouchukua mji, waliuawa Wakongomani wengi kuliko wageni wote waliokufa, na sura zao hazikujaa magazeti. Barabara ile leo ni barabara tu. Watu wanapita na mizigo yao.

Nayaruka maasi ya askari wa Katanga ya 1966 na ya mamluki ya 1967. Hayakuacha la kuonyesha kwa siku moja. Chuo Kikuu kilichoanzishwa na Waprotestanti mwaka 1963, na ambacho tangu 1981 ni UNIKIS, kinastahili ziara yake chenyewe. Ningependa jua likianza kushuka mgeni awe kwenye daraja la Tshopo.

Mto Tshopo ndio mpaka wa kaskazini wa mji, na ukiwa darajani unayaona maporomoko yake na mitambo ya umeme. Ni mahali pazuri mno. Tarehe 5 Juni 2000 jeshi la Uganda lilikuwa upande wa kaskazini na la Rwanda upande wa mjini. Majeshi mawili ya kigeni, yaliyoingia Kongo yakiwa marafiki, yaligombea daraja hili, mji, na almasi iliyokuwa ikinunuliwa katika maduka ya Makiso. Kwa siku sita zaidi ya makombora 6,600 yaliuangukia mji uliojaa watu. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Maelfu ya nyumba zilibomoka, na kanisa kuu nalo likaharibiwa. Miaka miwili baadaye, Mei 2002, baada ya maasi dhidi yao kushindwa, waasi wa RCD-Goma waliwaleta watu hapa darajani usiku, wakawaua na kuwatupa majini.

Makaburi ya siku sita yako humu humu Makiso. Ziara nyingi haziyafikii. Wageni huwa wamechoka, na mwongozaji huona haya kuwaharibia jioni. Nasema wafikishwe. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda, na Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325, kati yake milioni 225 zikiwa za watu waliouawa na kuumizwa katika vita vile vyote, si hapa peke yake. Mfuko wa kuzigawa una ofisi katika mji huu, na wanaodai ni watu utakaokutana nao sokoni.

Ukimaliza kupita kati ya misalaba, usimwulize mwongozaji tarehe. Ameshakupa za kutosha. Mwulize yeye alikuwa wapi tarehe 5 Juni. Akiwa na miaka thelathini na kitu alikuwa mtoto chini ya kitanda, na anakumbuka kitanda kilikuwa cha nani.