Ngaahika Ndeenda: Mchezo wa Limuru Ukitazamwa Kutoka Maseno

Mpiga nyatiti wa huku kwetu hajazoea kupigia watu walionyamaza. Huketi kwenye kigoda kifupi, ala yake yenye nyuzi nane imelazwa mbele yake, njuga zimefungwa mguuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma ambayo kwayo huigonga ala hiyo hiyo ili apate mdundo. Wimbo ukishakolea, iwe ni matangani Seme au sherehe fulani Gem, mtu mmoja huinuka, akatoa pesa na kuamuru muziki usimame. Hapo hujisifu: yeye ni mwana wa nani, ameoa kwa nani, rafiki zake ni akina nani. Akimaliza, nyuzi huanza tena mpaka ajitokeze mwingine mwenye pesa na maneno. Waluo huiita desturi hiyo pakruok. Hakuna anayelalamika kwamba burudani imekatizwa, maana kukatizwa huko ndiko nusu ya burudani.

Naileta nyatiti katika habari za tamthilia ya Kigikuyu kwa makusudi. Mwezi Mei 2022, Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliopigwa marufuku mwaka 1977, ulirudi jukwaani katika Jumba la Kitaifa la Maigizo jijini Nairobi. Mengi yaliandikwa kuhusu waandishi wake, kuhusu marufuku na kuhusu kizuizini. Waliokaa vitini waliambulia aya moja mbili. Wamepunjwa, kwa sababu sijui mchezo mwingine wa Kenya ambao watazamaji wake waliushika kwa mikono yao kiasi kile.

Kamiriithu, karibu na Limuru, ni kijiji kilichozaliwa miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari, wakoloni walipowakusanya watu mahali pamoja ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha masomo ya watu wazima katika kituo chao cha elimu na utamaduni. Walipojua kusoma walitaka kitu cha kusoma, kisha wakataka kitu cha kuigiza. Akina Ngũgĩ wawili walipewa kazi ya kuandika. Rasimu ilipofika kijijini mwaka 1977, ilikuta watu wanaoyajua mambo yale kuliko waandishi.

Mazoezi yalifanywa hadharani, na aliyepita njia alikuwa na ruhusa ya kusimama, kusikiliza na kukosoa. Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata waliwaeleza wenzao hatua kwa hatua jinsi jasho lao linavyogeuka kuwa faida ya mwenye mali. Waandishi walipotaka kutumia gitiiro, uimbaji wa kujibizana wa akina mama wa zamani, iliwabidi wakae chini na kufundishwa na mwanamke mzee asiyejua kusoma. Hata bunduki za kuigizia zilitengenezwa na mtu ambaye miaka ya 1950 alikuwa akiwatengenezea Mau Mau bunduki za kweli. Ngũgĩ wa Thiong'o ameyasimulia haya mwenyewe katika Decolonising the Mind, na ukisoma unaona kwamba mtaalamu wa chuo kikuu alikuwa amegeuka mwanafunzi.

Wanakijiji walijenga kwa nguvu zao ukumbi wa wazi wa kukalisha watu wapatao 2,000. Tarehe 2 Oktoba 1977 mchezo ulifunguliwa. Watu walikuja kwa mabasi na teksi za kukodi kutoka mbali. Jumapili moja mvua ilinyesha katikati ya maonyesho. Watazamaji walikimbilia palipo na paa, ikapusa, wakarudi kukaa, na mchezo ukaendelea. Mitaani, tajiri mwenye roho mbaya alianza kuitwa kwa majina ya wahusika wabaya wa mchezo. Serikali ilivumilia wiki sita na ushei tu. Tarehe 16 Novemba leseni ilifutwa, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akafungwa Kamiti bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978.

Ni nini kilichowatisha wakubwa? Hadithi yenyewe ni ya nyumbani sana. Kiguunda, kibarua, ana ekari moja na nusu ya ardhi, na hati ya kumiliki ardhi hiyo ameitundika ukutani. Tajiri wake, Ahab Kioi wa Kanoru, mtu wa kanisa na wa biashara, anakuja na mkewe Jezebel kumtembelea. Kiguunda na mkewe Wangeci wanadhani wageni wamekuja kumposa binti yao Gathoni kwa ajili ya John, mtoto wa Kioi. Kumbe wamekuja kuwaambia kwamba ndoa yao ya kimila ni dhambi, wafunge ndoa kanisani. Harusi inahitaji pesa, pesa inahitaji mkopo, mkopo unahitaji dhamana. Hati inatoka ukutani inakwenda benki. Gathoni anapewa mimba na kukataliwa, Kiguunda anafutwa kazi, shamba linapigwa mnada, na mnunuzi ni Kioi. Katikati ya yote hayo zimo nyimbo: za harusi, za vita, za walevi, za kanisani. Ukiziondoa nyimbo hizo mchezo unabaki mifupa.

Baada ya marufuku hiyo watu wa Kamiriithu hawakukata tamaa. Walirudi na Maitũ Njugĩra, tamthilia ya muziki hasa, yenye nyimbo za jamii kadhaa za Kenya. Februari 1982 walinyimwa jukwaa la Jumba la Kitaifa, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kufanya mazoezi, na watu walifurika kuyatazama mazoezi yenyewe hadi nayo yakapigwa marufuku. Mwezi Machi polisi walifika Kamiriithu wakaubomoa ukumbi. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na mwongozaji Kimani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe. Ngũgĩ mwenzake akabaki uhamishoni Uingereza na baadaye Marekani.

Sasa tuje 2022. Mwongozaji alikuwa Stuart Nash, Mwingereza wa Nairobi Performing Arts Studio. Mchezo ulionyeshwa ndani ya jumba lililofunguliwa na wakoloni mwaka 1952, lile lile ambalo milango yake ilifungwa kwa Maitũ Njugĩra. Siku nyingine ulichezwa kwa Kigikuyu na siku nyingine kwa Kiingereza. Rais wa nchi alikuwa Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais ambaye serikali yake ilimfunga mwandishi. Uchaguzi mkuu ulikuwa miezi mitatu mbele, na nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu mahasla na nasaba za watawala. Mchezo wa maskini na tajiri usingeweza kuchaguliwa wakati mwafaka zaidi, hata kama hakuna aliyepanga hivyo.

Watu walicheka na kuimba pamoja na waigizaji. Vijana waliozaliwa miaka 20 baada ya marufuku waliikuta hadithi ya mkopo na shamba kuwa ni habari ya jana. Wazee walikuja kuona kile walichosimuliwa. Mapokezi yalikuwa mema, na waigizaji walistahili. Nice Githinji na Mwaura Bilal si watu wa kubahatisha jukwaani. Lakini ukilinganisha na Kamiriithu, unaona kilichopungua. Mtazamaji wa 1977 alikuwa na haki ya kumwambia mwandishi, "Hapo umekosea, kiapo hatukukila hivyo." Mtazamaji wa 2022 alikuwa na tiketi. Aliweza kupiga makofi, kupiga picha na kuimba kibwagizo, basi. Simlaumu Nash, jumba lenye viti vya safu na taa zinazozimwa humfanya kila mtu awe mgeni mtulivu. Ila ni haki kusema kwamba kilichofufuliwa mwaka ule ni maandishi na nyimbo, na kwamba uhuru wa kijiji kuukosoa mchezo wake haukufufuka.

Na sisi wa huku ziwani, ambao Kigikuyu hatukijui? Nimewasikia watu wakiuliza mchezo wa Limuru unamhusu nini mtu wa Maseno. Jibu langu liko katika lile onyesho la harusi, pale Kiguunda na Wangeci wanapoambiwa kwamba bila kanisa hawajaoana, na wanapoanza kujitafutia majina ya kizungu yanayolingana na heshima mpya. Maseno inaijua habari hiyo kwa undani. Wamisionari wa CMS walifungua shule hapa mwaka 1906, na kwa miaka mingi njia ya kwenda darasani ilipitia kwenye beseni la ubatizo. Mmoja wa wanafunzi wake alibatizwa Obadiah Adonijah. Baadaye aliyatupa majina yote mawili, na watoto wake walipofika umri wa kubatizwa alisisitiza wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, akagombana na kanisa kwa sababu hiyo. Huyo ni Jaramogi Oginga Odinga, na mmoja wa watoto hao, Raila Amolo, alizaliwa katika hospitali ya misheni hapa Maseno mwaka 1945.

Miaka kumi kabla ya Kamiriithu, Jaramogi alichapisha kitabu chake Not Yet Uhuru, chenye shtaka lile lile: bendera imebadilika, lakini shamba na kiwanda vimebaki na mabwana, wengine wa rangi mpya. Naye alifungwa bila kesi, kuanzia 1969, baada ya risasi kupigwa Kisumu siku Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali. Kwa hiyo mtu wa Kisumu akiketi kumtazama Kioi wa Kanoru hahitaji kuelezwa ni nani. Atamtambua kabla hajafungua kinywa.

Mambo haya ya kutambua yana nguvu zake, na yana vita vyake pia. Angalia Lwanda Magere, shujaa wa Kano aliyekuwa na mwili wa jiwe na ambaye siri yake ilikuwa kivulini mwake. Okoiti Omtatah, ambaye leo ni seneta wa Busia, aliandika tamthilia juu yake iliyochapishwa mwaka 1991. Igiza kisa hicho popote kati ya Ahero na Bondo uone. Hakuna wa kushangazwa na mwisho, kila mtu anajua kwamba bibi harusi aliyetoka kwa adui zake Walang'o ataitoa siri na mkuki utakipiga kivuli. Kazi ya watazamaji hapo ni kukagua. Bibi mmoja atakwambia kwao hakisimuliwi hivyo; mzee mwingine atakwambia umemwonea yule mwanamke. Mwongozaji anayetaka kumpa Lwanda Magere suruali ya jinzi na kipaza sauti anaweza, mradi ajue kwamba nje ya ukumbi anangojwa.

Serikali zetu nazo hazijaacha kuogopa macho ya watazamaji. Butere si mbali na hapa. Aprili 2025 wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Mchezo ulikuwa umezuiwa, na hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru waruhusiwe, walijikuta wakitakiwa kuigiza bila mwandishi wao na bila hadhira. Waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Umma uliofika kuwatazama ulitawanywa kwa vitoa machozi. Wasichana wale walikataa kuviigizia viti vitupu, na nadhani waliielewa sanaa yao vizuri kuliko maofisa waliotumwa kuisimamia.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alikuwa ametangulia mwaka 2008, kwa ajali ya gari nchini Zimbabwe. Mchezo wao sasa hauna wa kuutetea isipokuwa wanaoutaka, na wapo wengi nje ya Kiambu. Tafsiri ya Kiswahili ipo tangu 1982, Nitaolewa Nikipenda, kazi ya Clement Kabugi, na inasomeka bila taabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa watayarishaji wa Nairobi, kwa idara ya utamaduni ya Kaunti ya Kisumu na kwa walimu wa Kiswahili na wa maigizo wa Chuo Kikuu cha Maseno ni hili. Ichukueni tafsiri ya Kabugi, mtafute waimbaji wa huku wa kuzipa nyimbo zile sauti ya ziwani, na muulete mchezo katika Kituo cha Jamii cha Mama Grace Onyango mjini Kisumu. Wiki mbili kabla ya ufunguzi, milango ya mazoezi iachwe wazi kwa yeyote mwenye neno, kama ilivyokuwa Kamiriithu. Mchague likizo ya Agosti ili wanafunzi wa Maseno, Chulaimbo na Butere waweze kufika, na bei ya tiketi isizidi nauli ya matatu kutoka Luanda.