Veraval, Bandari ya Somnath

Wengi wetu tulisimuliwa habari za Somnath tangu utotoni, lakini ni wachache waliosimuliwa habari za Veraval, mji wa bandari ulio kilomita chache tu kutoka hekalu hilo, katika pwani ya Saurashtra, jimbo la Gujarat. Mimi nashikilia kwamba hekalu lile halieleweki pasipo bandari yake. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba Somnath ilipata umaarufu kwa kuwa palikuwa kituo cha mabaharia waliosafiri baina ya Uchina na Sofala katika nchi ya Zanji. Yaani pwani yetu hii ya Afrika ilikwisha kutajwa pamoja na Somnath karibu miaka elfu moja iliyopita, zamani sana kabla babu zetu hawajapanda majahazi kuja huku kwa upepo wa kaskazi.

Kila azungumzaye Somnath huanza na uvamizi wa Mahmud wa Ghazni, mwanzoni mwa mwaka 1026. Uvamizi ulitokea, wala haufai kufichwa. Lakini wasimulizi wetu huruka kutoka hapo hadi Mei 1951, Rais Rajendra Prasad alipoliweka wakfu hekalu jipya, na katikati huacha jambo ambalo majirani zetu wanastahili kulisikia kutoka vinywani mwetu wenyewe.

Mwaka 1264, mwenye merikebu mmoja wa Hormuz, jina lake Nuruddin Firuz, alipata ardhi nje ya mji wa Somnath akajenga msikiti. Hakujenga kwa nguvu wala kwa siri. Wakubwa wa mji waliridhia, na miongoni mwao alikuwamo kuhani mkuu wa Shiva. Hati ya wakfu ilichongwa kwenye mawe, kwa Kisanskrit na kwa Kiarabu, na tarehe yake ya Kisanskrit ikatajwa kwa kalenda 4, ya Hijra ikiwa mojawapo. Mapato ya kinu cha mafuta na maduka mawili yalitengwa kwa mafuta ya taa, maji, ujira wa mwadhini, sikukuu za mabaharia, hata chokaa ya kupaka kuta. Yatakayobaki yapelekwe Makka na Madina. Jiwe la Kisanskrit limehifadhiwa Veraval, katika hekalu la Harsata Mata. Mimi ni mfanyabiashara, na najua kwamba watu hawahangaiki kuandika mapatano kwa lugha mbili ila wanapotazamia kuendelea kuonana.

Baadaye bandari ilikuwa chini ya Nawabu wa Junagadh, hadi mwaka 1947. Leo Veraval ni miongoni mwa bandari kubwa za uvuvi nchini India. Maelfu ya mashua za injini hujazana gatini, nyingi zikiwa za mbao, zilizoundwa papo hapo ufukoni. Viwanda hugandisha ngisi, kamba na samaki wengine kwa ajili ya Uchina, Japani na Ulaya. Wavuvi wake wengi ni Wakharva, watu wa bahari tangu asili. Wakati wa mvua kubwa mashua hupumzika, na mwezi wa Shravan ukiwa mpevu hutolewa nazi baharini ndipo msimu ufunguliwe.

Ustawi huo ulikuwa na upande wake mchungu. Papa yule mkubwa kupita samaki wote, ambaye wavuvi wa Mafia humwita potwe, aliuawa kwa wingi pwani ya Veraval. Mafuta ya ini lake yalipakwa kwenye mashua, kama sifa ipakwavyo kwenye majahazi yetu. Mwaka 2001 serikali ya India ilipiga marufuku kumwinda, lakini amri peke yake haikutosha. Morari Bapu, msimulizi maarufu wa Ramayana, aliwaambia wavuvi kwamba samaki huyo ni binti aliyeolewa, anarudi kwa wazazi wake kujifungua. Ni nani amfanyiaye ukatili binti wa namna hiyo? Wakharva walielewa. Tangu hapo wamewafungulia papa hao kwa mamia, na mara nyingi hulazimika kuukata wavu wenyewe, kisha serikali ya jimbo huwalipa fidia ya wavu.