Nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano

Nyumba ya mbao iliyoenea katika mitaa ya Mabanga, ndani ya komuni ya Karisimbi mjini Goma, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huhesabiwa kuwa makazi ya muda tu, ilhali umbo lake, kuanzia msingi hadi kenchi, limetokana na maamuzi ya kiufundi yaliyolazimishwa na ardhi yenyewe. Goma umesimama juu ya lava, yaani mwamba ulioyeyuka ndani ya volkano ya Nyiragongo, ukatiririka na kuganda. Mwamba huo haukubali jembe, na hata sururu huuvunja kwa taabu, ndiyo maana vyoo vingi vya mji huu havichimbwi chini bali huinuliwa juu ya kuta za mawe na kupandwa kwa ngazi.

Kwa sababu hiyohiyo nguzo za nyumba hazifukiwi. Fundi hupanga kwanza mawe ya lava na kuyashikanisha kwa saruji, kisha hulaza juu yake boriti ya chini, ambayo ni mti mnene unaozunguka nyumba nzima na kubeba nguzo zote, nazo nguzo hufungwa juu kwa boriti nyingine inayopokea kenchi na mabati. Kiunzi hicho hupigiliwa mbao za mkaratusi, kila ubao ukiulalia kidogo ule ulio chini yake ili mvua iteleze nje, na mara nyingi hupakwa oili chafu ya injini dhidi ya mchwa na unyevu, hata kuta zikawa nyeusi karibu sawa na mawe. Kwa kuwa mji uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake una baridi, nyufa huzibwa kwa ndani, mwenye uwezo kwa mbao laini, asiye nao kwa maboksi au turubai.

Kanuni ya kuinua mti juu ya jiwe ili usioze ni kongwe, na Waingereza waliifuata katika nyumba zao za shamba. Mojawapo, Bayleaf, iliyojengwa Chiddingstone, jimbo la Kent, mwanzoni mwa karne ya 15, ina kiunzi cha mwaloni kilichounganishwa kwa vigingi vya mti, na kuta za fito na udongo ambazo mwanakijiji yeyote wa Afrika Mashariki angezitambua. Bwawa la Bough Beech lilipohitaji eneo hilo, nyumba ilifunguliwa kipande kwa kipande mwishoni mwa miaka ya 1960, ikasimamishwa upya katika makumbusho ya Weald and Downland, Sussex. Kufunguka na kuhamishika huko, ambako Uingereza kumeifanya nyumba kuwa urithi, Mabanga huhesabiwa kuwa dalili ya umaskini, na hukumu hiyo haina haki.

Nyiragongo ililipuka tarehe 10 Januari 1977, kisha 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu na kuliangusha kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na tena 22 Mei 2021. Mbao haikuizuia lava, wala tofali halikuizuia. Tofauti ilionekana baadaye, kwani mwaka 2002 watu walirudi baada ya siku chache, na nyumba ya mbao ndiyo iliyoweza kusimama upesi juu ya mwamba mpya. Sheria nayo ina mchango wake: tangu sheria ya 20 Julai 1973 ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali, kwa hiyo aliyejenga kwenye parseli asiyo na hati ana sababu ya kupenda nyumba ambayo, akiondolewa, anaweza kuing'oa na kuondoka nayo.

Adui halisi wa nyumba ya mbao ni moto, kwa kuwa nyumba zimesongamana na jiko la makaa haliko mbali na ukuta. Wenye fedha zaidi kidogo hupandisha mawe hadi usawa wa dirisha na kuanzia hapo tu kupigilia mbao, muundo ambao hupunguza mbao zilizo karibu na jiko, huzuia maji ya mvua yanayoruka kutoka chini, na bado humwachia mwenye nyumba sehemu ya juu anayoweza kuihamisha.