Bato ya vita na bahasha zake: kutoka Götzen mpaka Liemba



Katika nchi zenye bahari kubwa, manowari inaacha barua nyuma yake. Kule Marekani manowari nyingi zilikuwa na posta yao ndani, na kashe yenye jina la bato. Wanaokusanya tembre (wengine wanasema stempu) walituma bahasha siku bato inaingia kazini, na wakatuma ingine siku inastaafu. Ukizipanga juu ya meza unasoma maisha yake yote. Sisi wa Beni na Butembo hatuna bahari, lakini iko bato moja ya vita ambayo njia yake inafanana na yetu sisi tuliokimbia na kurudi.

Ni Graf von Götzen. Wadachi waliitengeneza Papenburg mwaka 1913, wakaivunja vipande, wakaitia ndani ya masanduku karibu 5,000, ikafika Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa treni. Ilishushwa katika Ziwa Tanganyika Februari 1915. Vita vilikuwa vimekwisha kuanza pale: Agosti 1914 bato yao ndogo, Hedwig von Wissmann, iliharibu Alexandre Delcommune ya Wabeleji huko Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Mzinga mkubwa wa Götzen ulitoka kwa manowari Königsberg, ile iliyomalizikia mtoni Rufiji Julai 1915.

Barua za kulipiwa zilizotoka Kigoma wakati ule zilibandikwa tembre ya Wadachi yenye picha ya meli. Ilikuwa Hohenzollern, meli ya starehe ya Kaizari, ambayo haikuona Tanganyika hata siku moja. Bei iliandikwa kwa heller na rupia.

Waingereza nao wakaleta mashua mbili za mbio, Mimi na Toutou. Zilitoka London Juni 1915, zikapita Cape Town, zikapanda treni mpaka upande wa Katanga, halafu zikavutwa porini na kwenye milima ya Mitumba, zikashuka mto Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, zikafika ziwani mwezi wa kumi. Vitabu vinamsema sana komanda Spicer-Simson na sketi aliyopenda kuvaa. Sawa, inachekesha. Lakini watu weusi waliofyeka njia, waliojenga madaraja ya miti, na akina mama waliobeba maji ya kunywesha mashine za mvuke, majina yao hayasemwi. Tarehe 26 Desemba 1915 Mimi na Toutou zikakamata Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazama. Götzen yenyewe hawakuigusa. Julai 1916, jeshi la Kongo lilipokaribia Kigoma kwa nchi kavu, Wadachi walipaka mashine zake mafuta mazito zisishike kutu, wakaizamisha wenyewe. Walifikiri watarudi kuichukua. Wangapi kati yetu walifukia sufuria na mashine ya kushona nyuma ya nyumba kwa mawazo hayo hayo?

Hapa ndipo bahasha inasema vizuri kuliko ripoti. Kisha Kigoma kushikwa, tembre ikageuka. Sasa ni tembre ya Kongo, yenye bandari ya Matadi ao maporomoko ya Stanley, na juu yake wamepiga maneno kwa Kifaransa na Kiflama: Afrika Mashariki ya Wadachi, chini ya utawala wa Wabeleji. Kashe ina herufi B.P.C.V.P.K. na namba, maana yake posta ya vita. Mji ni ule ule, ziwa ni lile lile, na mtu wa pale hakuulizwa kitu. Mwaka 1918 zikatoka zingine zenye herufi A.O. na msalaba mwekundu, bei imeongezwa ili pesa iende Croix-Rouge. Wafadhili wataona kwamba kazi yao ni ya zamani.

Ila bahasha zile ziliandikwa zaidi na maofisa, mapadri na makarani. Mpagazi aliyebeba risasi kutoka Kivu mpaka Tabora hakuwa na kalamu wala adresi. Njo maana leo mkusanyaji wa Ulaya anaweza kuonyesha siku na mahali ofisa fulani alikuwa, na mjukuu wa mpagazi hana hata kipande cha karatasi cha kuonyesha.

Waingereza waliinua Götzen mwaka 1924. Ikarudi kazini 1927 kwa jina Liemba, jina la zamani la ziwa. Mwaka 1997, kisha Mobutu kuanguka, ilirudisha Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Mwaka 2015 ilitoa wakimbizi wa Burundi kijijini Kagunga, ikawapeleka Kigoma. Bato iliyojengwa miaka 100 mbele ikabeba watu wenye magodoro na watoto mgongoni.

Na sisi tuna bahasha zetu. Wazee wanakumbuka mashirika ya Butembo yaliyoandika adresi ya boksi ya posta Kasese, Uganda, kwa sababu barua kupitia Kinshasa haikuwa ya kutegemea. Bahasha kama hiyo inaonyesha mpaka wa Kasindi ulikuwa mlango wetu. Vivyo hivyo jeton ya kambi, atestasyo ya mkimbizi, risiti ya shule ya Bundibugyo, barua iliyotumwa kwa mkono wa shofa. Watu wengi wa Beni na vijiji vyake, tangu mauaji ya Oktoba 2014, walikimbia bila karatasi za shamba wala za kuzaliwa, na siku ya kurudi wanaulizwa: unaonyesha nini kwamba ulikaa hapa?

Kwa hiyo komite inaomba kila memba alete karatasi ya namna hiyo aliyo nayo, hata iliyoloa, pamoja na bahasha yake. Tutapiga picha na kumrudishia yake siku ile ile. Tafadhali msikate tembre kuwapa watoto, na msitupe bahasha: tarehe na mahali mara nyingi viko kwenye kashe tu, ndani ya barua hamna.