Kalamu Mbili za Kilima cha Makerere

Mwanafunzi anapomwuliza mwalimu wake afanye nini ili awe mwandishi, jawabu analopewa mara nyingi ni lile lile: asome sana, aandike kila siku, azingatie sarufi. Jawabu hilo si la makosa, ila limepungukiwa. Halisemi ni nani atakayeyasoma maandishi yake wakati bado ni rasimu, wala atayasoma kwa jicho gani. Sisi tufundishao Kiswahili katika mji wa Kampala tunayo sababu ya pekee ya kulitazama jambo hili kihistoria. Katika miaka ya hamsini na mwanzoni mwa miaka ya sitini, juu ya kilima cha Makerere, palikuwa na vikundi viwili vya watu walioshika kalamu juu ya maandishi ya wenzao. Vikundi hivyo vilikuwa majirani, lakini kazi zao hazikufanana hata kidogo.

Kikundi cha kwanza ni kile tunachokijua zaidi sisi walimu wa Kiswahili, yaani Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kamati hii iliundwa mwaka 1930 ikiwa na makao Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, na mwaka 1952 ikapandishwa Makerere, ambako ilikaa kwa muda wa miaka kumi. Wilfred Whiteley alikuwa katibu wake katika sehemu ya miaka hiyo, naye Shaaban Robert wa Tanga alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Kazi ya Kamati ilikuwa kubwa: kusanifisha tahajia, kulinganisha sarufi na msamiati, kujibu maswali ya lugha, na kusoma miswada ya vitabu vya shule. Kitabu kilichopita mikononi mwake hupewa ithibati, nayo ithibati ilikuwa ndiyo mlango wa kuingilia darasani. Jarida lake ndilo lililokuja kuitwa Kiswahili, ambalo walimu wengi wamelitumia.

Miongoni mwa madhumuni ya Kamati lilikuwamo pia lile la kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa. Dhumuni hilo lilikuwa jema. Lakini tuseme kweli: kalamu iliyofanya kazi zaidi ilikuwa ile ya usahihi. Mswada ulipimwa kama sare ya askari inavyokaguliwa asubuhi, kifungo kwa kifungo. Si haki kuidharau kazi hiyo, kwa maana bila ya usanifishaji huo vitabu vya Tanga, Mombasa na Kampala visingeweza kusomwa katika darasa moja. Hata hivyo, mwandishi chipukizi ambaye herufi zake zimenyooshwa bado hajaambiwa kama hadithi yake inatembea au imekaa.

Shaaban Robert mwenyewe aliliona pengo hilo. Mwaka 1954 alitoa kitabu kiitwacho Kielezo cha Insha, na jina lake lenyewe laonyesha njia aliyoichagua: mtu hujifunza insha kwa kuonyeshwa insha. La kustaajabisha ni kwamba kitabu hicho cha mjumbe wa Kamati hakikupigwa chapa Kampala wala Nairobi, bali kilitolewa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kule Johannesburg.

Sasa tugeukie kikundi cha pili. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya Makerere ilianzisha jarida dogo la wanafunzi lililoitwa Penpoint. Halikuwa na fahari yoyote. Wanafunzi waliandika hadithi, mashairi na michezo mifupi, na wenzao wa madarasa ya juu walizisoma na kuzichagua. Mwaka 1960 kijana mmoja wa Limuru, aliyekuwa katika mwaka wake wa pili na ambaye wakati huo aliitwa James Ngugi, alimsimamisha Jonathan Kariara nje ya ukumbi mkuu wa chuo. Kariara alikuwa katika mwaka wa mwisho na alijishughulisha sana na Penpoint. Ngugi akamwambia kwamba ameandika hadithi fupi; je, angependa kuitazama? Hadithi yenyewe haikuwapo. Ngũgĩ wa Thiong'o amekisimulia kisa hicho mwenyewe katika dibaji ya Secret Lives, mkusanyo wake wa hadithi wa mwaka 1975. Baada ya kusema uwongo ule ilimbidi akae aiandike, na hadithi hiyo ndiyo iliyotoka katika Penpoint kwa jina la The Fig Tree. Kariara alipoisoma alifurahi, akamwuliza kama alikuwa akimsoma D. H. Lawrence.

Twaomba msomaji alitue kidogo jicho lake juu ya swali hilo la Kariara. Halikuhusu nukta wala mkato. Lilikuwa swali la msomaji aliyeisikia sauti ya mwandishi na kutaka kujua imelelewa wapi. Kijana aliyeulizwa hivyo huondoka akijua mambo mawili: kwamba kazi yake imesomwa hadi mwisho, na kwamba imewekwa katika mizani moja na kazi za wakubwa. Tena tuangalie jinsi hadithi ilivyozaliwa. Ngugi hakungoja mpaka akamilike ndipo atafute msomaji. Alianza kumpata msomaji, hadithi ikafuata kwa aibu ya kuahidi.

Mwezi Juni 1962 msomaji wa namna hiyo alikuja Makerere akitoka mbali. Ulifanyika mkutano wa waandishi wa Kiafrika watumiao Kiingereza, nao wakahudhuria Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na hata Langston Hughes kutoka Marekani. Ngugi alimpa Achebe mswada wa Weep Not, Child. Achebe aliusoma na kumpa maoni yake, na kwa msaada wake ukafika kwa wachapishaji Heinemann, waliotoa kitabu mwaka 1964. Rajat Neogy, mzaliwa wa Kampala, alikuwa tayari ameanzisha jarida la Transition mwaka 1961, na wageni wengi wa mkutano ule walipata nafasi humo. Baadaye ilifichuka kwamba shirika lililogharimia mkutano lilikuwa likipata fedha za siri kutoka idara ya ujasusi ya Marekani. Hilo ni jambo la kujadiliwa mahali pengine, lakini si vyema kulificha.

Linalotuhusu hapa ni hili. Sharti la mwaliko lilikuwa lugha. Mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili tatu za Kiingereza alikaribishwa. Mtungaji wa Kusadikika na wa Adili na Nduguze hakuwamo. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulilalamikia jambo hilo miaka mingi baadaye. Shaaban Robert alifariki dunia mwezi huo huo wa Juni 1962. Na katika mwaka huo huo Kamati ya Lugha ilifunga mizigo yake ikashuka kwenda Mombasa, kisha Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ilizaliwa upya kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hivyo kalamu ya Kiswahili iliondoka kilimani wakati kalamu ya Kiingereza ilipokuwa ikianza kunoga. Vikundi vile viwili havikupata kuketi meza moja.

Mwaka 1963 Obi Wali wa Nigeria aliandika katika Transition hiyo hiyo ya Kampala, akidai kwamba fasihi ya Afrika ikiendelea kushikilia lugha za Ulaya itaishia njia isiyo na kutokea. Mabishano yakawa makali. Kabla ya hapo Okot p'Bitek alikwisha kutoa jawabu lake kwa vitendo: riwaya yake ya Lak Tar ilitoka kwa Kiacholi mwaka 1953, na utenzi wake mashuhuri wa Lawino, ambao ulimwengu uliujua kwa Kiingereza mwaka 1966, ulitungwa kwanza kwa Kiacholi. Kiswahili kilipata mlango mdogo tu. Kundi la maigizo la Makerere lililoanza kuzunguka vijijini mwaka 1965 lilikuwa na michezo ya Kiswahili miongoni mwa michezo ya lugha nyingine. Nalo Penpoint lilipobadilishwa jina mwaka 1971 likaitwa Dhana. Jina la Kiswahili, na ndani yake kwa sehemu kubwa Kiingereza! Mwenye nyumba kaandikwa mlangoni, wageni wamejaa sebuleni.

Desturi ya kusomeana rasimu haikufa mjini kwetu, ingawa miaka ya sabini iliwatawanya waandishi wengi. Ilipofika mwaka 1996 chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, kilichoasisiwa na Mary Karooro Okurut na wenzake, kilikwisha kuanza kazi, na mikutano yake ya jioni ya Jumatatu ikawa mahali pa mtu kuleta kurasa zake zisomwe na wenzake. Monica Arac de Nyeko, mmoja wa waliopitia humo, alipata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Lugha ya vikao hivyo, kwa kawaida, ni Kiingereza.

Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo wanafunzi watakuja, na insha watatuandikia. Je, tutazipokea kwa kalamu ipi?

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya nyumbani ni Luganda anaandika: "Mvua ilinyesha balabalani, watu wengi wakakimbia." Kalamu nyekundu itakimbilia neno la tatu, na ina haki, kwa kuwa Kiganda huandika r baada ya i na e tu, na kijana hana budi kuelezwa hivyo ili aache kujiona mjinga. Lakini ikiishia hapo, kijana atajifunza kuandika barabara na kuendelea kuwakimbiza watu wasio na sura. Kalamu ya pili huandika pembeni: Barabara ipi, ya Bombo au ya Jinja? Nani hakukimbia? Nani alikuwa na mzigo usioweza kukimbiwa nao? Ni maswali matatu tu, wala hayana alama za kujumlishwa. Kisha karatasi arudishiwe, aisome mbele ya wenzake wanne watano, nao waseme ni wapi walipotaka kujua zaidi.

Rasimu ya pili itakuja na makosa mapya ya ngeli, bila shaka. Lakini huenda ndani yake akawamo mwanamke muuza ndizi kando ya soko la Owino, amesimama peke yake mvuani, amelivua koti lake akayafunika matunda.